Sheria za Kuendesha Pikipiki ya Theluji

Najua ukikisoma kichwa cha makala hii utaguna na kujiuliza, "Huyu naye theluji ameiona wapi?" Sijaiona. Ile ya Kirinyaga naitazama kwa mbali asubuhi kunapokuwa hakuna mawingu, basi. Hata hivyo, kwa muda wa majuma sita ya likizo ya mwisho wa mwaka nilikuwa, tafadhali usicheke, mwalimu wa sheria za kuendesha pikipiki ya theluji. Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, mtoto wa mama mdogo, ambaye wengine wangemwita binamu lakini kwetu nyumbani ni ndugu yangu tu, kwa kuwa mama zetu walinyonya ziwa moja.

Mama mdogo ni muuguzi katika mji wa Sudbury, mkoa wa Ontario, nchini Kanada. Ni mji wa machimbo ya nikeli, na ndani ya mipaka yake mna maziwa zaidi ya 300. Wakati wa baridi maziwa hayo yote huganda. Huyu ndugu yangu alikuwa ametimiza miaka 12, na katika mkoa huo huo ndio umri ambao sheria inamruhusu mtoto kupata leseni ya pikipiki ya theluji. Wenzake darasani walikuwa wakizungumzia jambo hilo tu, hasa safari ya kuvuka ziwa mwezi wa Februari. Mama mdogo hakukataa moja kwa moja, bali alitoa sharti la ajabu. Kijana asome kitabu cha sheria kwa Kiingereza, kisha anieleze mimi kwa Kiswahili kwenye simu kila Jumamosi, sura kwa sura. Akishindwa kuieleza sheria kwa Kiswahili, basi hajaielewa, na hakuna leseni. Kwa hakika mama mdogo alikuwa akiua ndege wawili kwa jiwe moja, maana Kiswahili cha kijana kilikuwa kimeanza kuota kutu.

Shida ya kwanza ilikuwa jina. Chombo chenyewe tukiite nani? Ndugu yangu alitaka "gari la theluji". Nilikataa, kwa sababu gari mtu huingia ndani yake akafunga mlango, ilhali hiki mtu hukipanda kama farasi. Tukaafikiana "pikipiki ya theluji". Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni kwamba yeye theluji na barafu kwake vilikuwa kitu kimoja. Nikamweleza kwamba theluji ni ile inayodondoka kutoka mawinguni kama pamba, na barafu ni maji yaliyoganda yakawa kama kioo. Wakati huo niliona ni somo la msamiati tu. Baadaye nilitambua kwamba mtu anayepanda chombo hiki akikosa kutofautisha vitu hivyo viwili, anaweza asirudi nyumbani.

Hebu kwanza nikueleze chombo kilivyo. Mbele kina vyuma viwili bapa vilivyopinda kama ncha za mtumbwi, ndivyo vinavyoelekeza. Nyuma hakina gurudumu, bali mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozungushwa na injini, mfano wa ile minyororo ya tingatinga. Kuna usukani kama wa pikipiki. Mafuta huongezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na breki iko mkono wa kushoto. Uzito wake ni kilo 200 na zaidi, na vile vyenye nguvu vinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Kilomita 150, bwana, juu ya theluji, kifua wazi!

Aliyekipa chombo hiki umaarufu ni fundi mmoja wa Québec aitwaye Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa mwaka wa 1907. Kisa chake kilinigusa sana. Mwaka wa 1934 mwanawe mdogo aliugua tumbo ghafla katikati ya baridi. Barabara zote zilikuwa zimezibwa na theluji, hospitali iko mbali, hakuna gari linaloweza kupita. Mtoto akafa. Bombardier tayari alikuwa akijaribujaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji, na tangu hapo hakulala. Mwaka wa 1937 alitoa gari la abiria 7 ambalo lilitumika kubeba wagonjwa, barua na watoto wa shule. Kisha mwaka wa 1948 serikali ya Québec ikaamua kwamba barabara zifagiliwe theluji, na biashara yake ikaporomoka, maana nani atanunua gari la theluji ikiwa barabara iko wazi? Ndipo akageukia chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, na mwaka wa 1959 akaanza kuuza ile Ski-Doo. Mojawapo ya zile za kwanza kabisa ilipelekwa kwa padre rafiki yake aliyekuwa akihudumu huko Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario. Kwa hiyo chombo ambacho leo vijana hukishindanisha kwa mchezo kilianza kama jibu la mzazi aliyefiwa. Nilimwambia ndugu yangu alikumbuke hilo, naye akanijibu kwamba halimo katika mtihani.

Sasa tuingie katika sheria zenyewe. Kanada haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu nani apande na apande wapi, kila mkoa una yake. Ontario inasema hivi: ukiwa na miaka 12 na umepita kozi ukapewa leseni maalumu ya chombo hiki, unaweza kuendesha katika vijia vilivyotengwa. Chini ya miaka 12 ni katika shamba la kwenu tu. Lakini kuendesha kando ya barabara ya umma, au hata kuikata tu kwenda upande wa pili, lazima uwe umetimiza miaka 16. Mtu mzima mwenye leseni ya gari ya Ontario hahitaji ile leseni ya pili.

Hapo kijana alinung'unika. Kijia kinachoanzia karibu na kwao kinakatizwa na barabara baada ya mwendo mfupi tu. Akaniuliza, "Sasa nikifika pale nifanye nini? Nirudi?" Nikamwambia, naam, urudi, au mtu wa miaka 16 na zaidi mwenye leseni akuvushie. Nilidhani sheria hiyo inawaonea watoto hadi nilipotafakari jinsi ya kuvuka kwenyewe kunavyotakiwa kufanywa. Unasimama kabisa. Unatazama pande zote. Unawapisha wenye magari, kisha unakata barabara moja kwa moja kwa pembe mraba, si kwa mshazari. Na fahamu kwamba mkanda ule wa mpira na vile vyuma vya mbele vimeundwa kwa ajili ya theluji. Juu ya lami usukani hautii. Gari linakuja kwa kilomita 80, barabara yenyewe inateleza, nawe chombo chako hakikusikii. Mimi mwenyewe nina miaka 17 na sidhani ningeifurahia hesabu hiyo.

Jirani zao wa Québec ni wakali zaidi: huko hakuna kuendesha kabla ya miaka 16. Marekani nako kila jimbo lina lake. Minnesota, ambako kampuni ya Polaris ilianzia katika mji mdogo wa Roseau mwaka wa 1954, inamtaka kila aliyezaliwa baada ya Disemba 31, 1976 awe na cheti cha mafunzo. Nilipenda sheria hiyo kwa sababu haijali kwamba wewe sasa ni baba mwenye mvi. Ukizaliwa 1977, nenda darasani.

Helmeti ni lazima Ontario kwa dereva na abiria, wa umri wowote. Hata wale wanaovutwa nyuma kwa sleji, yaani ile machela ya kuteleza, sheria inawataka wavae. Minnesota inawalazimisha walio chini ya miaka 18 peke yao, jambo ambalo sikulielewa. Kichwa cha mtu wa miaka 19 kimekuwa jiwe?

Halafu kuna karatasi. Chombo kisajiliwe na nambari ibandikwe pande zote mbili. Kiwe na bima, na kadi ya bima uwe nayo unapotoka nje ya ardhi yako. Ukitaka kutumia vijia vya lile shirikisho la vilabu vya Ontario, lililoundwa mwaka wa 1966 na ambalo mtandao wake wa vijia ni kama kilomita 30,000, lazima ununue kibali na ukibandike. Ndugu yangu alilalamika kwamba wazungu wanapenda stika kuliko matatu za Nairobi. Lakini pesa za kibali ndizo zinazonunua mitambo ya kusawazisha vijia, na kazi nyingine nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Aidha, sehemu kubwa ya vijia hivyo hupita katika mashamba ya watu waliokubali kwa hiari. Sasa mmoja akiacha kijia akaenda kuchezea katika shamba la mtu, akavunja ua au akatisha ng'ombe, mwenye shamba ana haki ya kumsimamisha na kumuuliza yeye ni nani, na kutosimama ni kosa. Mbaya zaidi, mwenye shamba anaweza kufunga njia kabisa, na kijia cha kilomita mia kinakatika katikati kwa ujinga wa mtu mmoja. Reli nayo usiiguse. Mtu akiendesha juu ya reli anahesabiwa kuwa ameingia mali ya wenyewe bila ruhusa, na gari-moshi katika theluji humsikii mpaka limekufikia, kwa kuwa injini yako inanguruma na masikio yako yamo ndani ya helmeti.

Kuhusu mwendo, sheria ya Ontario ni fupi. Kando ya barabara ambayo magari yamewekewa kilomita 50 kwa saa au chini ya hapo, na pia katika bustani za umma, wewe mwisho wako ni 20. Kando ya barabara za zaidi ya 50, na katika vijia, mwisho ni 50. Zile barabara kuu kabisa, zenye nambari za kuanzia 400, hata kando zake hukaribii. Na hata pale unaporuhusiwa kando ya barabara, hupiti juu ya sehemu ya magari. Unakaa mbali nayo kadiri iwezekanavyo. Québec wanaruhusu 70 katika vijia, na Minnesota maili 50, yaani kama kilomita 80.

Kijana aliona 50 ni mwendo wa kobe. Basi nikamfanyisha hesabu, maana ndiyo faida ya kuwa mwalimu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Ukiona kitu mbele, mti ulioanguka tuseme, akili inachukua sekunde moja au zaidi kabla kidole hakijaachilia mafuta na mkono kushika breki. Mita 14 zimekwisha na bado hujaanza kusimama. Kwa kilomita 100 ni mita 28. Sasa ongeza kwamba theluji haishiki kama lami, na ongeza tena kwamba ni usiku na taa yako inamulika mbele kidogo tu. Ukienda kasi kuliko urefu wa mwanga wa taa yako, unaendesha gizani ingawa taa inawaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo nimeielewa."

Kuna ishara za mikono pia, na zote hufanywa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika mafuta. Nilimwambia azifanye mbele ya kamera ya simu mpaka mama yake akadhani ana wazimu.

Sura ya pombe tuliipitia haraka, yeye ni mtoto. Lakini kwako msomaji nitaitaja kwa sababu inawashangaza watu wengi. Sheria ya jinai ya Kanada haiulizi kama chombo chako kina magurudumu au hakina. Miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu ni kosa la jinai, uwe katika gari, mashua au pikipiki ya theluji. Katika Ontario hata ukiwa kati ya 50 na 80 leseni yako inasimamishwa kwa siku kadhaa. Na leseni inayopotea ni ya gari pia, ile unayoendea kazini.

Minnesota walijifunza somo hilo kwa uchungu. Januari 2018, katika ziwa la Chisago, familia moja ilikuwa ikijitayarisha kuvua samaki kupitia tundu la barafu. Mlevi mmoja akaja na pikipiki yake ya theluji akawagonga, na mtoto wa miaka 8 akafa kwa majeraha. Jambo lililowakasirisha watu ni kwamba mtu huyo alikuwa tayari amenyang'anywa leseni ya gari kwa makosa ya ulevi, lakini sheria ya wakati huo haikumzuia kupanda pikipiki ya theluji. Yaani alikatazwa barabarani akaachiliwa ziwani! Mwaka huo huo bunge la jimbo likaziba pengo: tangu Agosti 2018, ukishtakiwa na kupatikana na hatia ya kuendesha ukiwa mlevi, haijalishi ulikuwa katika chombo kipi, unazuiwa vyote, gari, mashua, pikipiki ya theluji na ile ya magurudumu manne.

Hapo ndipo tulipofika kwenye sura ambayo mama mdogo alikuwa akiingoja, sura ya ziwa. Naye siku hiyo alikaa karibu na simu, nilisikia kikombe chake cha chai.

Sheria, wenzangu, haipimi barafu. Nilitafuta pamoja na ndugu yangu kifungu kinachosema barafu ikiwa sentimita kadhaa unaruhusiwa kupita, na hatukukiona. Kuna ushauri tu. Msalaba Mwekundu wa Kanada unashauri sentimita 15 kwa mtu anayetembea peke yake, 20 kwa kundi linalocheza, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtembeaji, na inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Mbona hesabu hazilingani? Kwa sababu huo ni ushauri unaohusu barafu nzuri, nayo barafu haiwi nzuri kila mahali. Ile safi yenye rangi ya samawati ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo inatakiwa iwe na unene maradufu. Ya kijivu ina maji ndani yake, usiikanyage.

Na sasa kumbuka lile somo la msamiati. Theluji ikianguka juu ya barafu hufanya kazi ya blanketi. Baridi ya juu haifiki chini, barafu inaacha kuongezeka unene, na wewe kwa macho unaona uwanja mweupe uliotandazwa vizuri kabisa. Penye mkondo, penye chemchemi, mto unapoingia au kutoka ziwani, chini ya daraja, barafu huwa nyembamba hata kama hatua kumi kutoka hapo inaweza kubeba gari. Huoni tofauti. Theluji imefunika vyote.

Ndivyo ilivyotokea Québec usiku wa Januari 21, 2020. Watalii 8 kutoka Ufaransa na mwongozaji wao walikuwa wakisafiri kwa pikipiki za theluji karibu na Lac Saint-Jean. Waliacha kijia kilichowekewa alama wakakata njia juu ya maji, mahali ambapo ziwa linamwagia mto. Barafu ikawavunjikia. Watalii 5 walizama, na mwongozaji aliyekuwa pamoja nao akafa pia. Walionusurika ni 3. Kabla mwaka huo haujaisha, bunge la Québec lilikuwa limepitisha sheria mpya ya vyombo hivi, na serikali ikaamuru waongozaji wapate mafunzo ya lazima. Angalia kwamba hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wakiongozwa na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Mama mdogo aliuliza kwenye simu, "Na mtu akitumbukia?" Kijana alikuwa amejitayarisha. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, ambaye ameyachunguza mambo ya baridi kwa miaka mingi, hata yeye mwenyewe kujitosa katika maji ya barafu mara nyingi. Anafundisha hesabu ya 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza utahema kama aliyekimbizwa na simba, kazi yako ni kutulia usimeze maji. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inafanya kazi. Hapo ndipo ujikwamue. Ugeukie upande uliotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikuwa imekubeba, upige miguu kama unaogelea, ujivute kwa tumbo, na ukishatoka ujiviringishe, usisimame. Baada ya hapo inaweza kuchukua kama saa 1 kabla baridi haijakufanya uzimie. Watu wengi hudhani baridi inaua papo hapo, wakakata tamaa wakiwa bado na dakika 10 za nguvu. Wazoefu hutundika shingoni vijiti viwili vyenye misumari ya kujishikilia kwenye barafu, na huvaa nguo zinazoelea.

Nilimsikia mama mdogo akiweka kikombe chini. "Umejibu vizuri, baba," akamwambia mwanawe. "Lakini mimi hufanya kazi wodini. Hao wanaoletwa pale nao walijua hesabu zao." Hakuna aliyesema neno.

Kabla sijaendelea na uamuzi wake, nigusie kidogo pikipiki ya magurudumu manne, kwa sababu hiyo hata hapa kwetu ipo. Ukienda Pwani, utawaona watalii wakikodisha na kukimbia nazo mchangani. Ontario mtoto chini ya miaka 12 haendeshi nje ya ardhi ya mwenye chombo isipokuwa mtu mzima awe karibu akimsimamia, helmeti ni lazima, na kwenye barabara za umma zinazoruhusiwa lazima uwe na leseni ya gari au ya pikipiki ya angalau daraja la pili. Mwendo ni ule ule wa 20 na 50. Watu huidharau kwa sababu ina magurudumu manne, wakidhani haiwezi kuanguka. Kumbe ni ndefu kwenda juu, nyembamba ubavuni, na matairi yake yenye upepo mdogo yametengenezwa kushika udongo. Kwenye lami yanang'ang'ania ghafla na chombo kinabiringika. Nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja. Ukiongeza wa pili, dereva hawezi tena kuegemea upande akiwa konani, na kuegemea ndiko kunakoizuia isipinduke. Zile za magurudumu matatu zilikuwa hatari zaidi, hata Marekani wakaacha kuuza mpya mwaka wa 1988 baada ya serikali kuwashtaki watengenezaji.

Na sisi tusiseme hatuna sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendesha pikipiki abebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na koti linalong'aa. Katika mbuga za wanyama ni marufuku kuacha njia na kukata nyikani, na mwendo ni kilomita 40 kwa saa. Mmea wa nyikani ukikanyagwa na tairi haujui kama wewe ni mtalii au mwenyeji. Tofauti ninayoiona kati yetu na wale wa Ontario ni kwamba wao humkalisha mtoto wa miaka 12 darasani kabla hajashika usukani, ilhali mvulana wa kwetu hujifunza bodaboda kwa kuazima ya kaka yake Jumapili mchana na Jumatatu keshabeba abiria.

Ndugu yangu alifanya mtihani wake mwezi wa Januari akaupita. Mama mdogo akatoa uamuzi wake: kijiani, ndiyo, ziwani, hapana. Kijana alinipigia akilia, akinitaka nimtetee. Nilijaribu. Nikamwambia mama mdogo kwamba sheria inamruhusu. Akanijibu, "Mwanangu, sheria inaniambia hatakamatwa. Haikuniambia hatazama." Nilikosa la kusema, kwa sababu ndivyo hasa tulivyosoma.

Lakini mama mdogo si mtu wa kukaza kamba hadi ikatike. Alimwendea baba ya yule rafiki, mvuvi wa siku nyingi wa ziwa hilo, akamuuliza maswali yote tuliyoyasoma: unene, rangi, mikondo, mto unaingilia wapi. Yule mzee hakukasirika. Alimchukua ziwani pamoja na kekee kubwa ya kutobolea barafu, akatoboa kila baada ya hatua kadhaa katika njia iliyowekewa alama. Mama mdogo alipima kwa rula ya shule ya mwanawe. Kote ilizidi sentimita 40. Pia walitazama ramani ya vijia, ambayo huonyesha kijani penye ruhusa, manjano penye tahadhari na nyekundu palipofungwa, ilikuwa kijani.

Walivuka Jumamosi ya pili ya Februari, mchana, vyombo vitatu, yule mzee mbele, mmoja mmoja wakiachiana nafasi ili uzito usikusanyike mahali pamoja. Ndugu yangu alikuwa katikati, na vijiti vyake vya misumari shingoni. Mwendo wao, aliniambia, ulikuwa 30. Walipofika ng'ambo alinipigia simu, huku kwetu tayari ni usiku, na kwa kuwa meno yalikuwa yakimgongana sikuyaelewa maneno yake yote, ila niliisikia "barafu" mara mbili na "theluji" mara moja, na zote tatu alizitumia sawasawa.